Kabla ya kumlaumu mwandishi, tutazame orodha ya washauri

  

Ndugu msomaji, kila kitabu kikubwa cha marejeo kina ukurasa ambao karibu kila mtu huuruka. Ni ule wa mwanzoni kabisa, kabla ya utangulizi, wenye majina ya wahariri na chini yake majina ya wataalamu washauri, kila mmoja na mji wake na chuo chake. Msomaji ana haraka ya kufika kwenye neno analolitafuta, basi huupita kama apitavyo mtu kibao cha barabarani katika mji alioukulia. Leo napenda tusimame kwenye ukurasa huo. Naamini kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yetu Waislamu juu ya yale yanayoandikwa kuhusu dini yetu katika vitabu vya vyuo vikuu ina chimbuko lake pale, na dawa yake nayo ipo pale pale.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri kuliko yote. Katika mji wa Leiden, Uholanzi, kuna shirika la uchapishaji liitwalo Brill, ambalo huhesabu umri wake tangu mwaka 1683. Kwa zaidi ya karne tatu lilikuwa likijitegemea. Lilikuwa jirani na mtumishi wa Chuo Kikuu cha Leiden, lakini halikuwa mali ya chuo, wala ya serikali, wala ya kanisa, na liliishi kwa kuuza vitabu vya elimu, vingi vikiwa vya lugha na tamaduni za Mashariki. Hali hiyo ya kujitegemea ilidumu hadi mwaka 2024, lilipounganishwa na De Gruyter la Berlin. Shirika hili ndilo lililotoa Ensaiklopidia ya Uislamu, ambayo toleo lake la kwanza lilianza kutoka mwaka 1913 kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na nyongeza yake ikakamilika mwaka 1938. Toleo la pili lilianza kutoka kwa sehemu sehemu mwaka 1954 na kuchukua takriban nusu karne. La tatu limekuwa likitoka tangu mwaka 2007.

Kijana wetu anayesoma historia au elimu ya dini chuoni, awe Dar es Salaam, Nairobi au Mbale, akiagizwa kuandika juu ya Zakaa au juu ya Imam Shafii, mwalimu wake anaweza kumwelekeza huko. Yale atakayoyakuta yatakuwa ndiyo kauli ya elimu machoni pa mwalimu, na yale aliyofundishwa na maalim wake wa madrasa yatakuwa ni imani tu ya nyumbani. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mwenye kitabu cha marejeo hapigi kelele. Huamua tu kwa upole kipi kiitwe habari ya hakika na kipi kiitwe mapokeo.

Sasa ni nani waliokuwa wakiamua? Wahariri wakuu wa toleo la kwanza walikuwa Houtsma wa Uholanzi, Arnold wa Uingereza, Basset wa Ufaransa na Hartmann wa Ujerumani, na baadaye Wensinck wa Leiden. Hakukuwa na Mwislamu hata mmoja miongoni mwao. Tusiwadhulumu: hawakuwa wajinga wa mambo yetu, na Thomas Arnold alifundisha miaka mingi Aligarh na Lahore, ambako Muhammad Iqbal alikuwa mwanafunzi wake. Walikuwapo pia waandishi wachache Waislamu walioitwa kuchangia makala, kama Muhammad Ben Cheneb wa Algiers na Mehmed Fuad Köprülü wa Istanbul. Lakini mwandishi wa makala ni mgeni aliyealikwa kula chakula. Aliyechagua kipikwe nini ni mwingine.

Watu wengi hudhani kazi ya mshauri ni kusahihisha makosa. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kazi yake kubwa hufanyika kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa. Mshauri husema ni maneno gani yawe na makala na yapi yaachwe. Husema ni mji gani upewe kurasa kumi na upi upewe aya moja. Humtaja nani aombwe kuandika juu ya Hadithi na nani juu ya fiqhi, na rasimu ikirudi huisoma na kusema ipite, irudishwe au itupwe. Mchapishaji anayejitegemea hana wizara ya kumlazimisha wala baraza la maulamaa la kumpa idhini. Heshima yake yote katika soko la elimu inasimama juu ya watu hao, na ndiyo maana huyaweka majina yao mwanzoni mwa kitabu. Kwa hiyo tunapouliza mshauri ni nani, tunauliza nguvu zote za kitabu ziko mikononi mwa nani.

Napenda nisimulie kisa cha Wensinck, kwani ndani yake mna pande zote mbili za jambo hili.

Arent Jan Wensinck alikuwa profesa wa Leiden na mmoja wa wahariri wa Ensaiklopidia. Mwaka 1933 jina lake lilitangazwa miongoni mwa wajumbe wa mwanzo wa Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Cairo, kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla. Daktari mmoja wa tiba wa Misri, Husayn al-Harrawi, alisimama magazetini kupinga. Alionyesha kwamba katika makala ya Ensaiklopidia juu ya Nabii Ibrahim (A.S.), Wensinck ameieneza nadharia ya mwalimu wake Snouck Hurgronje, isemayo kwamba katika aya za Makka Ibrahim hakuwa na uhusiano wowote na Al-Kaaba wala na Ismail, na kwamba uhusiano huo ulitokea Madina baada ya Mtume (S.A.W.) kukhitilafiana na Mayahudi. Ghasia ikawa kubwa, na jina la Wensinck likaondolewa.

Mwislamu wa kawaida akisikia nadharia hiyo hukasirika, na ana haki. Lakini tuiangalie kwa macho ya mshauri. Ipo Sura nzima yenye jina la Ibrahim, ambayo wafasiri wetu wanaihesabu kuwa ya Makka, na ndani yake imo dua ya Ibrahim juu ya kizazi chake alichokiweka katika bonde lisilo na mmea, karibu na Nyumba tukufu. Mtoto aliyehifadhi juzuu chache tu angeitaja. Ni kweli wataalamu wa Magharibi walikuwa na hoja zao juu ya tarehe za aya, na wangeweza kujibu kwamba aya hiyo kwao ni ya baadaye. Sawa. Basi na waseme hivyo ndani ya makala, na waseme pia kwamba wafasiri wa Kiislamu wanaona vingine na kwa ushahidi gani, ili msomaji aone kwamba pana mjadala. Kwa nadharia kama hiyo, meza ya wahariri ilihitaji mtu mmoja mwenye sauti, aliyelelewa na Qur'ani, wa kuuliza: je, na Sura ya 14? Makala ikatoka, dunia ikaisoma kwa miaka, ndipo daktari wa Cairo akapiga kelele, tena si dhidi ya makala bali dhidi ya uteuzi wa mtu katika chuo kingine. Wensinck alipoteza kiti. Makala ilibaki palepale katika maktaba.

Upande wa pili wa kisa hiki hausimuliwi sana misikitini. Wensinck huyo huyo alitoa mwaka 1927 kitabu cha kuonyesha Hadithi zilipo kwa kufuata mada zake. Mwanazuoni wa Misri, Muhammad Fuad Abd al-Baqi, alikiona kuwa na manufaa, akakifasiri kwa Kiarabu na kukitoa mwaka 1934 kwa jina la Miftah Kunuz as-Sunna, kikiwa na dibaji ya Sheikh Rashid Rida. Huo ulikuwa mwaka uliofuata ile ghasia! Kisha ikaja kazi kubwa zaidi, faharasa ya maneno ya Hadithi, Al-Mu'jam al-Mufahras, inayokusanya maneno yaliyomo katika vile Vitabu Sita, Darimi, Muwatta ya Imam Malik na Musnad ya Imam Ahmad. Brill walianza kuitoa mwaka 1936, Wensinck akafariki mwaka 1939, wengine wakaiendeleza hadi juzuu ya saba mwaka 1969. Na katika ukurasa ule wa mwanzo, ule tunaouruka, jina la Muhammad Fuad Abd al-Baqi limeandikwa kama mshirika wa kazi.

Tofauti yake na ile ya kwanza ni ipi? Mhariri alikuwa yule yule, na mchapishaji yule yule. Katika makala ya Ibrahim, elimu ya Waislamu ilikuwa kitu cha kuchunguzwa. Katika faharasa, mwenye elimu hiyo alikuwa mezani, na kazi yenyewe isingeweza kusimama bila yeye, maana ndiye aliyeijua mipangilio ya vitabu na milango yake. Kabla ya kompyuta kuenea, masheikh wengi waliokuwa wakitafuta Hadithi imo katika mlango gani walitumia matunda ya ushirikiano huo. Baadhi yao, nathubutu kusema, ndio hao hao walioonya juu ya hatari ya vitabu vya makafiri.

Njia ya tatu ilijaribiwa Cairo katika mwaka ule ule wa 1933. Vijana wachache wa Misri walianza kuifasiri Ensaiklopidia kwa Kiarabu, na wakawaomba wanazuoni waandike maelezo ya kusahihisha chini ya makala. Sheikh Ahmad Muhammad Shakir, mtaalamu mkubwa wa Hadithi, alikuwa miongoni mwao, na wakati mwingine maelezo hukaribia kuishinda makala yenyewe kwa urefu. Ni kazi ya kupendeza. Lakini tafsiri haikufika mwisho wa alfabeti, na maelezo ya Sheikh Shakir hayakurudi Leiden kuingia katika toleo la Kiingereza. Mwanafunzi wa London aliendelea kusoma makala bila ya maelezo.

Waturuki walikwenda mbali zaidi. Serikali yao iliamua mwaka 1939 kuifasiri Ensaiklopidia, na sehemu za kwanza zikatoka mwaka 1940. Wanazuoni na waandishi wa dini, wakiongozwa na Eşref Edip, waliona ni aibu nchi ya Kiislamu kujifunza dini yake kwa kufasiri maneno ya mustashriqina, wakaanza ensaiklopidia yao wenyewe mwaka huo huo. Walikuwa na ari na kalamu kali. Hawakuwa na fedha wala jopo la kutosha, na kufikia mwaka 1948 kazi ilikuwa imesimama ikiwa bado katika herufi za mwanzo. Ile ya serikali iliendelea, ikiongezewa na kusahihishwa, hadi mwaka 1987.

Somo walilolipata halikuwa la kukata tamaa. Mfuko wa Diyanet, ambao ni wakfu ulioanzishwa mwaka 1975, ulijenga kwanza watu kabla ya kitabu. Ulikusanya maktaba na kuunda kamati za kielimu kwa kila fani: tafsiri, Hadithi, fiqhi, ilmul-kalam, historia, tasawwuf, fasihi na nyinginezo, na kila makala ikapitia mikononi mwa kamati ya fani yake kabla ya kukubaliwa. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1988. Ya 44 ilitoka mwaka 2013, na mwaka 2016 zikaongezwa mbili za nyongeza. Leo yote inasomwa bure katika intaneti, na hata maprofesa wa Ulaya wasio Waislamu huinukuu. Ukitaka kuona faida ya washauri wenye mamlaka, tazama umbali uliopo kati ya mwaka 1948 na mwaka 2013.

Kuna watakaosema: basi suluhisho ni kudai majina ya Kiislamu yawekwe katika orodha za Brill na wenzao. Sikubaliani nao moja kwa moja. Toleo la pili la Ensaiklopidia lilikuwa na orodha ya wajumbe washiriki ambamo Waislamu wenye vyeo vikubwa vya elimu walitajwa, akiwemo Köprülü wa Uturuki na Fyzee wa India. Hata hivyo kamati ya uhariri, iliyoshika kalamu, ilibaki mikononi mwa akina Gibb, Schacht, Lévi-Provençal na waliowafuata. Kuwekwa katika orodha na kupewa kalamu ni mambo mawili.

Tena lipo swali la nani anamchagua mshauri. Mwaka 2001 Brill walianza kutoa Ensaiklopidia ya Qur'ani, chini ya mhariri mkuu Jane McAuliffe wa Marekani, ikakamilika mwaka 2006. Katika jopo la wahariri alikuwemo Wadad al-Qadi, na katika jopo la washauri walikuwemo Nasr Hamid Abu Zayd na Mohammed Arkoun. Ni Waislamu, na wasomi wakubwa. Lakini Abu Zayd alikuwa ameihama Misri baada ya hukumu ya mahakama ya mwaka 1995 iliyomtoa katika dini, na Arkoun alijulikana kwa kutaka misingi ya fikra za Kiislamu ichunguzwe upya. Sisemi hawakustahili kukaa pale. Mimi naona hukumu ile ilikuwa doa kwa mahakama kuliko kwa Abu Zayd. Ninachosema ni kwamba mchapishaji aliwachagua Waislamu waliokwisha kuzungumza lugha ya chuo chake, na mtu wa Al-Azhar, wa Deoband au wa Zaytuna, anayebeba elimu ya tafsiri kama ilivyopokewa karne kwa karne, hakuwa na kiti katika jopo lile. Baadhi ya waliolalamika hawakuishia kulalamika. Muzaffar Iqbal na wenzake nchini Kanada walianza kazi yao, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 2013.

Na tuwe waadilifu upande wa pili pia. Mshauri wa kitabu cha elimu si mufti, na mchapishaji anayejitegemea hawezi kumpa mtu rungu la kufuta kila asichokipenda. Kitabu cha marejeo kisichokuwa na nafasi ya hoja inayouma si kitabu cha marejeo, ni hotuba. Mshauri mwema ni yule awezaye kusema: hoja hii siiafiki, lakini imeelezwa kwa uaminifu, ipite, na hii ninaiafiki, lakini ushahidi wake ni dhaifu, irudi. Wanazuoni wetu wa Hadithi waliipima njia ya upokezi hata kama maneno yake yanapendeza. Kwa hiyo hatufundishwi jambo geni.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Afrika Mashariki tumekuwa mabingwa wa kujibu baada ya kuchapishwa. Padri Godfrey Dale, mmishonari wa Kianglikana wa Zanzibar, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923, pamoja na maelezo yake mwenyewe. Makadiani wakatoa yao mwaka 1953. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Hesabu, ndugu msomaji: miaka 46 baada ya ile ya Dale. Katika miaka hiyo Mswahili asiyejua Kiarabu aliyetaka kuisoma Qur'ani yote kwa lugha yake alikuwa na hiari ya padri au ya Kadiani. Sheikh al-Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, alibeba peke yake mzigo ambao kwingineko hubebwa na jopo.

Na vitabu vyetu vya leo? Nenda kwenye maduka ya vitabu ya Kariakoo, utazame jalada la nyuma. Utakuta kitabu kimepitiwa na sheikh fulani na kusifiwa na ustadhi fulani. Nimewahi kumuuliza sheikh mmoja juu ya kitabu chenye jina lake. Aliniambia aliletewa mswada siku mbili kabla ya kwenda mtambo, akasoma utangulizi na yaliyomo, akaombea dua. Simlaumu yeye. Hakulipwa, hakuulizwa swali lolote, na hata angeandika kurasa kumi za makosa hapakuwa na wa kuzisoma. Jina lake lilitakiwa kwa ajili ya mauzo. Tukiwatuhumu wachapishaji wa Leiden kwa kuwaweka Waislamu orodhani kama pambo, sisi tunawafanyia hivyo hivyo masheikh zetu wenyewe.

Kiswahili hadi leo hakina ensaiklopidia ya Uislamu yenye kulinganishwa na ya Istanbul au hata na ile ya Kiurdu ya Chuo Kikuu cha Punjab, Lahore. Watu wapo. Kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, tangu mwaka 1988, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro tangu mwaka 2005, vipo vyuo vya Zanzibar, na wapo masheikh wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja ambao hawana shahada lakini wana ijaza. Mchapishaji anayejitegemea, asiyefungwa na taasisi moja wala kundi moja, angeweza kuwakutanisha hata wale wasiosalimiana. Aanze na juzuu moja ndogo, tuseme ya maulamaa wa Pwani. Ampe kila mshauri fani yake na makala zake miezi mingi kabla, amlipe kwa kazi yake, amjibu kwa maandishi kila alichokikataa, na amruhusu kuondoa jina lake iwapo hakusikilizwa. Na katika ukurasa ule wa mwanzo, mbele ya kila jina, achapishe ni kurasa zipi mtu huyo alizisoma.